Kasha Lisilopanguswa

Mama yangu amejinyoosha kwenye jamvi chumba cha pili baada ya chakula cha mchana, na anakoroma. Zamani mkoromo huu ulikuwa ukinitia hasira. Nikisonya, nikigonga ukuta. Leo nimesogeza kiti karibu na mlango ili niusikie vizuri. Nina furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyepapasa mfukoni akadhani amepoteza kitu, kumbe kipo. Basi kabla furaha hii haijapoa ikawa kawaida, nataka kuuliza swali lililonitoa jasho: mtu ni nini kabla halijasemwa lolote juu yake?

Msinijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, tena kwa maandishi, na jibu langu likajenga ua, ua ukajaa watu.

Nchi yetu haina jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka nje yake akarudi nalo. Ina miji miwili na lugha moja ya amri, na lugha hiyo huitwa Paskali. Watu hununua samaki, huposa na kutukanana kwa lugha zao za nyumbani, lakini jambo likiwa la kuamriwa, maji yaelekezwe wapi, mlango ufunguliwe au usifunguliwe, nani apite na nani abaki, huandikwa kwa Paskali. Amri huanza na neno mwanzo, huisha na neno mwisho lenye nukta, na katikati kila kitu hutajwa jina lake kabla hakijatumiwa. Ni lugha yenye adabu zake. Ukitaka kukumbuka jambo ndani ya amri, unaomba kasha, unalibandika jina, na unasema kasha hilo litabeba nini: namba, maneno, au ndiyo na hapana. Nimeipenda lugha hii tangu nikiwa msichana, kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu alikuwa akisema mambo nusu nusu, na Paskali ilikataa kabisa mambo ya nusu nusu. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Wanaozitekeleza amri ni vibarua bubu wasiojua kusoma. Kwa hiyo kila mji una mfasiri wake, ambaye huchukua maandishi na kuyageuza kuwa ishara za mikono wanazozielewa vibarua. Wafasiri wa miji hii miwili wanajivunia kulingana. Kwenye mlango wa kila mmoja kuna kibao: KILICHOANDIKWA KULE KINASOMEKA HAPA. Na ni kweli, sina ugomvi na kibao. Koma yao ni moja, nukta yao ni moja, hata makosa yako watayakemea kwa maneno yale yale. Ukiipeleka amri yako upande wa pili, hakuna mstari utakaokataliwa.

Mji wa kwanza, nilikozaliwa, una desturi ambayo hatukujua kuwa ni desturi. Kila kasha linapoombwa, kabla halijafika mikononi mwa aliyeliomba, hupitishwa nyuma ya pazia, na huko kuna watu wenye vitambaa ambao hulipangusa. Kasha la namba hutoka na sifuri. La maneno hutoka tupu. La ndiyo na hapana hutoka na hapana. Watu hao hatukuwaona wala hatukuwasalimu. Tulikuwa tukipokea makasha matupu tangu utotoni, tukaamini kwamba utupu ndio maumbile ya kasha. Nikiwafikiria sasa naona haya kidogo, lakini zaidi nawaonea shukrani.

Mimi ndiye niliyeandika amri ya lango. Ni fupi. Watu waliisifu kwa ufupi wake, nami nilizipokea sifa hizo bila kinyongo.

mwanzo
   kama mgeni amekutwa na kitu cha wizi, basi Ana_Hatia iwe NDIYO;
   kama Ana_Hatia ni NDIYO, basi azuiwe;
   la sivyo, apite
mwisho.

Isomeni tena. Mgeni mwizi atakutwa na kitu, kasha litatiwa NDIYO, atazuiwa. Mgeni mwema hatakutwa na kitu, hakuna atakayeligusa kasha, na kasha lisiloguswa husema HAPANA. Sikuandika popote kwamba mtu ni mwema. Kwa nini niandike? Ilionekana kama kuandika kwamba mtu ana kichwa. Katika mji wa kwanza amri hii ilifanya kazi miaka na miaka, wala hakuna mtu mwema aliyewahi kulala langoni.

Kisha mji wa pili wakaiazima, wakanialika nije nikae kwao kwa heshima. Nikaenda. Nilipofika langoni, kibarua bubu aliangalia mikono yangu, akaangalia ndani ya kasha, akanyanyua kiganja wazi. Kiganja wazi ni HAPANA, huna hatia, pita. Ngumi ni NDIYO. Nikapita kwa maringo, maana nilikuwa napita kwenye amri yangu mwenyewe. Mama alikuwa amesema atanifuata akimaliza kuanika mpunga wake.

Sijui kama alifika kesho yake au mwaka uliofuata. Katika nchi hii mambo hayasimami foleni, ni watu tu. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nikichambua mchele, nikasikia watu wakisema langoni kuna bibi mwenye kanga ya manjano anamfokea bawabu, na nikajua kabla sijauliza ni bibi gani.

Nilimkuta ndani ya ua wa waliozuiwa, ubavuni mwa lango. Ua ulikuwa umejaa. Bawabu alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyeitwa Pandu, mwenye funguo kiunoni na macho ya mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Bawabu, huyu ni mama yangu," nilisema. "Bi Mize. Kuna nini?"

"Shikamoo, Bi Nargisi. Jina lake tumelipata sawasawa. Bi Mize. Kwenye jina hakuna tatizo hata kidogo."

"Marahaba. Basi tatizo nini?"

"Ana hatia, Bibi."

"Ya nini?"

Pandu akafikiri. "Kasha halisemi ya nini. Linasema ndiyo."

Mama akapenyeza uso kwenye fito za ua. "Nargisi, mwanangu, muulize na watoto. Muulize nina watoto wangapi kwa hesabu yao."

Pandu akaona haya. "Kasha la idadi ya watoto linasema elfu thelathini na mbili, na mia kadhaa."

"Umesikia?" alisema mama. "Uchungu wa mmoja tu ulinitosha nikaapa. Hawa wanasema nimewazaa wote hao, na wakati wenyewe sijui niliupata wapi!"

Watu uani wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliijua sheria nyingine ya mji ule, ambayo sikuiandika mimi. Foleni ya langoni inapokwisha, lango hufungwa, na waliozuiwa hupelekwa ng'ambo ya ukuta. Huko hawapigwi, hawafungwi. Husahauliwa. Aliyekuzaa hukusahau, uliyemzaa hukusahau. Unabaki mzima, unakula, unalala, na hakuna mtu duniani anayejua kwamba ulikuwako. Na kusahau hakungoji lango lifungwe. Huanza taratibu tangu mtu anapoonyeshwa ngumi. Pale pale, nikiwa nimemshika mama vidole kati ya fito, nilijaribu kukumbuka wimbo aliokuwa akinibembelezea, nikakuta haupo.

"Mama, foleni ina watu wangapi?"

"Wapo, wapo. Nenda kafanye kinachokupasa. Mimi nitawachelewesha."

Nilikimbia hadi uwanja wa mji, kwenye nyumba ya mfasiri. Bwana Ngwali alikuwa ameketi barazani na glasi ya chai, mtu mnene mwenye kofia iliyonyooka, akigeuza amri za watu kuwa ishara. Sikubisha hodi.

"Umeiharibu amri yangu!"

"Karibu, dada. Kaa kwanza."

"Sikai! Mama yangu ameonyeshwa ngumi langoni. Hajaiba hata sindano. Umefasiri nini wewe?"

Hakukasirika. Aliichukua amri yangu, akaisoma kwa sauti mstari kwa mstari, na kwa kila mstari akanionyesha ishara aliyowafundisha vibarua. Kama amekutwa na kitu. Iwe NDIYO. Kama ni NDIYO. Azuiwe. La sivyo. Apite. Hakuna alichokosea. Nilitafuta kosa kwa hamu mbaya, nikatamani liwepo, nikalikosa.

"Tuijaribu hapa hapa," alisema. Akaita kibarua, akaomba kasha uwanjani mbele ya watu, akalibandika jina Ana_Hatia. Nikasimama mimi mwenyewe kama mgeni, mikono mitupu. Kibarua akatazama ndani ya kasha. Kiganja wazi. Tukarudia na muuza karanga aliyekuwa akipita. Kiganja wazi. Tukarudia na Ngwali mwenyewe, na chai yake mkononi. Kiganja wazi.

Aa! Nilimwomba radhi, nikamshika mkono, nikarudi mbio langoni nikicheka peke yangu njiani. Nilijiambia kibarua wa langoni ni mgonjwa wa macho. Nilijiambia mengi.

"Wamsome tena," nilimwambia Pandu. "Amri ni nzima, nimeiona kwa macho yangu."

Pandu akamtoa mama uani, akamsimamisha mahali pa wageni. Kibarua akatazama mikono yake, ambayo ilikuwa na harufu ya mpunga na haikuwa na kitu. Akaingiza jicho kwenye kasha.

Ngumi.

"Umekuja kunipa moyo au kuniaibisha mara mbili?" mama aliniuliza, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Nami nilipomtazama, niliona kidevu chake na kanga yake, na kati ya kidevu na kanga sikuweza kusema kwa hakika kama ana kidoti shingoni au hana. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu kifo cha mzazi mtu hukisikia kwa mbali tangu utotoni, lakini hili la kusimama mbele ya mama yako ukimpoteza kipande kwa kipande hakuna aliyenitayarisha kwalo.

Sikukimbia tena. Niliketi chini karibu na meza ya kibarua, nikaacha kuisoma amri, nikatazama kasha lenyewe.

Akaja mgeni, kijana mwenye kikapu kitupu. Kibarua akachukua kasha, akamtazama, hakumkuta na kitu, hakulitia kasha neno lolote, akachungulia ndani: ngumi. Kijana akaingizwa uani. Kibarua akalirudisha kasha mezani. Akaja mwanamke na mzigo wa kuni mgongoni. Kibarua akachukua kasha lile lile. Halikwenda nyuma ya pazia. Pazia lenyewe halikuwepo. Hakukuwa na mtu mwenye kitambaa. Mkono kwa mkono, mgeni kwa mgeni, kasha moja, na ndani yake neno moja lililokaa humo tangu mtu fulani.

"Pandu, kati ya hawa wa uani, ni nani wa kwanza kuonyeshwa ngumi?"

Akanionyesha mwanamume aliyekaa pembeni ya ua akiwa amekumbatia birika la shaba lisilo lake. Huyo alistahili. Alipofika, kasha lilitiwa NDIYO kwa haki kabisa. Na baada yake kila mtu aliyesimama pale, mwenye kikapu, mwenye kuni, mama yangu na mpunga wake, alisomewa birika la yule bwana.

Hapa ndipo fikra zangu zilipoanza kuzunguka. Kama wote waliomfuata mwizi walibeba neno lake, mimi niliyemtangulia nilibeba neno la nani? Nilimuuliza Pandu kasha lile lilikuwa likifanya kazi gani kabla ya amri yangu kuja. Akasema lilikuwa la amri ya asubuhi, ile ya kuuliza kama mvua imenyesha ili vibarua wajue kufungua mifereji. Siku niliyoingia mimi, mvua haikunyesha. HAPANA ikabaki ndani. Basi nilipita langoni kwa maringo, nikaitwa mwema mbele ya watu, kwa sababu jua lilikuwa kali. Usafi wangu haukuwa wangu. Ulikuwa wa wingu ambalo halikuja. Na ningefika siku ya mvua, mimi mwandishi wa amri ningelala uani na hakuna ambaye angekuja kuniulizia, kwa maana anayenijua mjini humo alikuwa ni mimi peke yangu. Ni wangapi kati yetu tunaotembea vichwa juu kwa sababu ya hali ya hewa ya siku fulani? Ni wangapi wanainamisha macho maisha yao yote kwa birika ambalo hawajawahi hata kuchemshia maji? Foleni ilikuwa ikipungua.

Na kasha, kama lingekuwa na kinywa, lingesema hivi:

Mimi kasha.
Niliulizwa mvua. Nikasema hapana. Ilikuwa kweli.
Niliulizwa mwenye birika. Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli.
Niliulizwa bibi mwenye kanga ya manjano. Hakuna aliyenitia neno. Nilikuwa na neno moja tu. Nikalitoa.
Sikusema uongo. Nilisema ukweli wa mtu mwingine.
Mnanilaumu nini? Mlinipa jina. Hamkunipa mwanzo.

Nilirudi kwa Ngwali, safari hii nikitembea.

"Kasha la uwanjani lilikuwa safi," nilimwambia. "La chumba cha lango si safi. Kwa nini?"

"Ah, hilo?" alisema, kama mtu aliyeulizwa mahali pa kuweka viatu. "Makasha ya uwanjani huwekwa asubuhi yakakaa mbele ya watu siku nzima. Hayo tunayapangusa. Ya vyumbani ni ya kupokezana, dada. Yanaombwa na kurudishwa mara elfu kwa siku. Tukiyapangusa yote kazi haitakwenda. Anayeomba kasha la chumbani anasema mwenyewe lianze na nini."

"Na majina? Jina la mama lilitoka sawasawa, halikuchanganyika na la mtu."

"Makasha ya maneno tunayapangusa popote yalipo. Yale huvimba na kupasuka yakiachiwa mabaki. Namba hazipasuki. Ndiyo na hapana hazipasuki."

"Watu wanapasuka, Bwana Ngwali!"

Akaweka glasi ya chai chini. Kisha akauliza kwa upole wa kweli, "Kwenu wanapangusa yote?"

"Yote."

"Kwa amri ya nani? Imeandikwa wapi katika lugha?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nilipitia kichwani kanuni zote za Paskali nilizojifunza tangu usichana wangu, moja baada ya moja. Hakuna hata moja iliyosema kasha huanza tupu. Hakuna iliyosema halianzi. Lugha haikusema kitu, na kila mji ukajaza pale kwa desturi yake.

"Basi hilo ni hisani ya watu wa kwenu," alisema Ngwali. "Ni jambo zuri. Natamani tungekuwa nalo. Lakini amri yako imesafiri, hisani imebaki kwenu nyuma ya pazia. Utanilaumu mimi kwa kutokufanya ambalo hukuniambia?"

Nilitaka kumlaumu. Nilikuwa na maneno makali tayari ulimini. Lakini ghafla, katikati ya hasira, nilihisi kitu kikilegea ndani yangu, kitu kama nafuu, na nikashangaa. Kwa sababu kama ingekuwa ni uovu wa Ngwali ningehitaji kumshinda Ngwali. Kama ingekuwa ni uovu wa dunia ningehitaji dunia nyingine. Kumbe ilihitajika mstari mmoja, na kalamu ilikuwa mezani.

"Nipe amri yangu," nilisema.

Niliishika kalamu na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Niliweka ncha chini ya neno mwanzo, nikajua vizuri nitaandika nini, lakini sikukumbuka naandika kwa ajili ya nani. Nilijua kuna haraka. Nilijua kuna ua, na watu ndani yake. Kulikuwa na rangi ya manjano mahali fulani. Ngwali alinitazama akasema, "Dada, si ulisema mama yako?" nami nikamtazama kama anazungumza na mtu aliyesimama nyuma yangu. Mama gani? Mimi nilikuwa mtu mwenye kalamu, sina mama, sina niliyekuja kumtoa. Nilikuwa kasha lililobandikwa jina Nargisi, na ndani yake chochote kilichosazwa na aliyenitangulia.

Niliandika hivyo hivyo. Nimeliwaza sana jambo hili tangu hapo na ninalifurahia. Kama ningemkumbuka, huenda ningeandika, "Bi Mize apite," nikaweka nukta, nikaenda zangu. Lakini sikumkumbuka mtu yeyote, kwa hiyo nikawaandikia watu wote nisiowajua:

mwanzo
   Ana_Hatia iwe HAPANA;

na mistari mingine ikafuata kama ilivyokuwa. Ngwali akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaigeuza kuwa ishara. Ishara ilikuwa rahisi: kibarua, kabla hajamtazama mgeni, apitishe kiganja chake mwenyewe ndani ya kasha. Akanipa kibarua wa kuongozana nami, maana sikujua tena njia ya langoni.

Tulipofika, foleni ilikuwa na mtu mmoja tu, mzee kinyozi mwenye mkoba wa kazi yake, wembe na kioo vikining'inia. Hakuwa ameingia kwa sababu kulikuwa na bibi mmoja uani aliyekuwa amemshika maneno kupitia fito.

"Na huyo shangazi yako," bibi alikuwa akisema, "aliolewa na hao hao waliohama bondeni, au wale wengine?"

"Wale wengine, Bibi, nimekwambia."

"Hebu nianzie upya. Maana kama ni wale wengine, basi mimi na wewe huenda ni ndugu."

Nilimwona yule bibi, nikamwona ana uso mchangamfu, nikafikiri: bahati yao wanaomjua. Akageuka akaniona.

"We Nargisi! Kanga inaburura chini kama huna mtu wa kukwambia. Hebu ipandishe!"

Nikaipandisha. Sikujua kwa nini nilitii.

Kibarua mpya akamfundisha kibarua wa lango ishara. Kinyozi akasimama wa kwanza. Kiganja kikapita ndani ya kasha, kikatoka. Macho yakatazama mkoba, wembe wake, kioo chake, vyote vyake. Jicho likachungulia. Kiganja wazi. Kinyozi akapita akikuna kichwa, hajui alichoponea. Kisha Pandu akamleta bibi wa kanga ya manjano. Kiganja ndani ya kasha. Mikono mitupu. Jicho.

Kiganja wazi.

Na kidoti kikarudi shingoni mwake. Kipo upande wa kushoto, kidogo, kina unywele mmoja anaoung'oa kila mara na kila mara unaota. Wimbo ukarudi wote, pamoja na ubeti wa katikati ambao huwa anaukosea. Nilipiga yowe, nikamkumbatia, tukaanguka wote wawili kwenye vumbi la lango, na mama akasema, "Taratibu, mwanangu, magoti!" huku akinibana hata mbavu zikauma. Nililia kwa sauti. Sikuona haya wala sitaona.

Tuliwasoma wote waliokuwa uani, mmoja mmoja. Mwenye kuni, kiganja wazi. Mwenye kikapu, kiganja wazi. Nje ya lango watu walianza kutokea wakikimbia, wakiita majina ambayo dakika moja kabla hawakuwa nayo. Mwenye birika alikuja akachukua birika lake na kumsonya mwizi. Mwizi akasomwa mikono mitupu, kiganja wazi, naye akaondoka haraka kabla amri haijabadilishwa tena. Ua ukabaki na nyayo tu, na mama amekaa juu ya jiwe akijifuta vumbi na kuuliza kama kwangu kuna chochote cha kula.

"Bi Nargisi," aliita Pandu.

Alikuwa bado amesimama kwenye mlango wa ua, ameshika funguo kwa mikono yote miwili.

"Mimi sijasomwa."

"Wewe ni bawabu, Pandu."

"Pandu ni jina nililolikuta hapa limetundikwa pamoja na funguo. Walinichagua kwa kazi hii kwa sababu hakuna mtu ambaye angekuja kuniulizia. Nilifika kama mgeni. Aliyekuwa mbele yangu alikutwa na mtungi wa watu." Alijaribu kutabasamu. "Amri ni hii hii yako. Nimeisimamia tangu sijaota ndevu."

Nilitaka kumwambia kwamba amri yangu nimeileta juzi tu. Lakini niliziona ndevu zake, zina mvi.

Mama akainuka kwenye jiwe. Akamchukua mkono kama anavyochukua mkono wa mtu yeyote, bila kuuliza, akamsimamisha mahali pa wageni. Funguo akamwekea chini. "Simama wima," alimwambia. "Usiogope, ni kasha tu."

Kibarua akapitisha kiganja ndani. Akaitazama mikono ya bawabu kwa muda mrefu, mbele na nyuma. Akachungulia.

Kiganja wazi.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Barabara ilikuwa tupu, jua lilikuwa juu yake, na yule mtu alisimama pale hajui aweke wapi mikono yake. Kisha mbali sana, upande wa mashamba, sauti ya mwanamke mzee ikaita jina. Halikuwa Pandu. Lilikuwa jina la mtoto, la kuitiwa chakula, na lilitoka kwa mshangao, kama mtu aliyeshtuka usingizini akakuta sahani moja imepungua mkekani.

Naye akageuka.